Kijana wa Kiamish anaamuaje kubaki au kuondoka? Naomba utaratibu halisi

Mdadisi wa Kigoma

Habari wakuu. Naandaa mjadala wa kidato cha sita kuhusu uhuru wa dini na haki za mtoto, na mfano niliochagua ni Waamish wa Marekani, wale Wakristo wanaoishi kwa kujitenga na dunia na kutumia vigari vya farasi. Shida ni kwamba karibu kila ninachokuta mtandaoni kinasimulia jambo lile lile: kijana akifikisha miaka 16 anaachiwa aende mjini mwaka mzima, anywe, avute, aendeshe gari, kisha arudi aulizwe kama anabaki au anakwenda. Naona ni rahisi mno kuwa kweli.

Ninachotaka kujua ni hiki: uamuzi wenyewe hufanyika lini, na mbele ya nani? Anayeondoka kabla ya kubatizwa ana tofauti gani na anayeondoka baadaye? Na huyo mwenye elimu ya darasa la nane akitoka, anaanzia wapi kwa mambo ya vyeti na kazi? Wanafunzi watauliza pia kama mahakama imewahi kuligusa suala hili. Mnaojua kwa undani, tajeni na jimbo, maana nasikia hawafanani.

Njiwa Manga

Karibu mkuu. Anza kwa kuifuta hiyo ya mwaka mmoja mjini. Kipindi kinachoitwa rumspringa huanza kijana anapotimiza miaka 16, mahali pengine 17, na huisha anapobatizwa au kufunga ndoa. Kwa hiyo kwa mmoja kinaweza kuwa miaka miwili na kwa mwingine sita. Muda wote huo wengi wao wanalala kwa wazazi, asubuhi wanakamua ng'ombe au wanakwenda karakana, na mshahara kwa desturi unakabidhiwa wazazi mpaka kijana atimize 21. Familia nyingine humwachia sehemu mapema zaidi.

Kinachobadilika akifika 16 ni mwisho wa wiki, hasa Jumapili jioni. Anaingia kundi la vijana, na shughuli kuu ya kundi ni kuimba. Wanakaa kwenye meza ndefu nyumbani kwa mwenyeji, wavulana upande mmoja na wasichana upande wa pili, wanaimba nyimbo za Kijerumani kwa tuni za haraka kuliko za ibada. (Za ibada ni habari nyingine: wimbo wa pili, Loblied, kutoka kitabu cha Ausbund ambacho chapa yake ya kwanza ni ya 1564, unaweza kumaliza dakika 20.) Usiku wakitawanyika, mvulana aliyepata kibali anamrudisha msichana kwao kwa kigari cha farasi. Wazazi wakikubali rumspringa, wanakubali kitu hicho: watoto wapate wachumba ndani ya jumuiya.

Fujo zipo, lakini angalia ziko wapi. Jumuiya ndogo yenye familia 30 haina vijana wa kutosha kuwa na makundi mawili, achilia mbali kundi la walevi. Fujo ni za maeneo makubwa: Lancaster kule Pennsylvania, Holmes kule Ohio, na Elkhart na LaGrange kule Indiana. Lancaster ina makundi mengi yenye majina yake, kuanzia yale ambayo wazazi hukaa pale pale wakisimamia na nguo za kienyeji hazivuliwi, hadi yale yenye magari, simu za bei na bia. Mwaka 1998 vijana wawili waliokulia Kiamish huko Lancaster walishtakiwa kwa kusambaza kokeini waliyoipata kwa genge la waendesha pikipiki, na habari ile ikazunguka dunia. Tangu hapo wazazi wengi wameongeza nguvu kwenye makundi ya kusimamiwa.

Kwa maoni yangu uamuzi mzito kuliko wote unafanyika hapa, kijana akiwa na 16, anapochagua kundi la kuingia. Kundi ndilo litakaloamua marafiki, mchumba, na mara nyingi mwaka wa ubatizo. Anayeingia kundi la utulivu hubatizwa mapema, na wasichana kwa kawaida huwatangulia wavulana. Wengi wanaangukia kati ya miaka 18 na 22.

Shemasi Mstaafu

Njiwa umeeleza vizuri, mimi nachukua upande wa kanisa.

Mdadisi, hakuna siku ambayo kijana anaitwa kuulizwa "unabaki au unakwenda". Swali lililopo ni "utajiunga na darasa la ubatizo mwaka huu?", na asipojiunga, mwakani lipo tena. Hawa ni wazao wa Waanabaptisti waliobatizana wakiwa watu wazima kule Zurich mwaka 1525, na wengine wakauawa kwa sababu hiyo. Ubatizo wa mtoto kwao si ubatizo. Mtoto aliyezaliwa na kukulia humo, kwa sheria ya kanisa bado si mshirika.

Utaratibu wenyewe. Baada ya meza ya Bwana ya majira ya machipuko, vijana wanaotaka wanamwendea mhudumu na kusema. Ibada ni kila Jumapili ya pili, nyumbani kwa mtu, na huchukua kama masaa matatu hivi. Washirika wanapoanza kuimba, wahudumu hutoka kwenda chumba cha pembeni, na wanaoomba ubatizo huwafuata. Humo hufundishwa vifungu 18 vya Ungamo la Imani la Dordrecht la mwaka 1632, viwili kwa kila kikao, ndiyo maana vikao ni 9 na darasa hukaa kiangazi kizima. Pamoja na vifungu hujadiliwa Ordnung, yaani kanuni za wilaya ile: upana wa ukingo wa kofia, rangi ya kigari, simu iwekwe wapi. Haiandikwi kitabu kimoja cha wote, na wilaya jirani inaweza kuwa na yake. Wilaya moja ni familia 20 hadi 40, ina askofu, wahubiri wawili na shemasi.

Mvulana mwenye gari anatakiwa awe ameliuza. Akiingia darasani nalo limefichwa nyuma ya ghala la jirani, darasa lake litakuwa na maswali.

Siku moja kabla ya ubatizo huwa na kikao cha mwisho, na hapo huambiwa wazi kwamba bado wanaweza kurudi nyuma. Hoja yao ni ile ya Mhubiri 5:5, heri usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiitimize. Wavulana wanaongezewa ahadi moja ambayo wasichana hawana: siku kura ikimwangukia, atatumika kama mhubiri. Wahudumu hawasomei, wanaopendekezwa huchukua kila mmoja kitabu cha nyimbo, na kimoja kina karatasi yenye andiko. Mwenye karatasi ndiye mhubiri, maisha yake yote, bila malipo. Kijana wa miaka 20 anakubali hilo hajui kama litamfika.

Siku yenyewe mahubiri hupitia Filipo na yule towashi Mwethiopia wa Matendo 8. Wanaobatizwa wanapiga magoti, wanaulizwa maswali machache: imani kwa Mwana wa Mungu, kumkataa shetani na dunia, kuitii Ordnung. Kwa msichana, mke wa shemasi anamvua kofia ya kitambaa. Askofu anakusanya viganja juu ya kichwa, shemasi anamimina maji humo mara tatu, maji yanachuruzika kwenye nywele. Kisha askofu anawashika mkono na kuwainua mmoja mmoja. Wavulana anawabusu yeye, wasichana wanabusiwa na mke wake.

Sasa tofauti uliyoiuliza. Asiyebatizwa akiondoka hajavunja nadhiri, kwa hiyo hatengwi. Anaweza kuja kula Krismasi na ndugu zake, ingawa wazazi wengine humwekea mipaka kwa hofu ya kuwavuta wadogo zake, na kwenye vikundi vikali kama Swartzentruber hali inaweza kuwa ngumu hata kwa asiyebatizwa. Aliyebatizwa akiondoka, hatua ni hizi: shemasi na mhubiri wanamtembelea, anaonywa, anapewa nafasi ya kutubu mbele ya washirika akiwa ameketi, au kwa kosa zito zaidi akiwa amepiga magoti. Akikataa, askofu anapendekeza na washirika wanapiga kura ya kumtenga. Baada ya hapo nyumbani kwao haketi meza moja na wengine. Atawekewa meza yake, au meza mbili zilizoachana kidogo. Kitu hakipokelewi kutoka mkononi mwake, akiweke mezani kwanza. Biashara naye hakuna. Kusalimiana na kumsaidia akiwa na dhiki kunaruhusiwa, watu wengi hawalijui hilo.

Mlango wa kurudi kundini haufungwi. Aliyekwisha kutengwa akirudi na kutubu kwa magoti, anapokelewa kama mshirika kamili, na yaliyopita hayatakiwi kutajwa tena.

Kinachoharibika mara nyingi ni mpangilio. Ndoa ni kwa waliobatizwa peke yao, kwa hiyo mvulana ambaye mchumba wake ameshabatizwa anaingia darasani kwa ajili ya harusi. Lancaster harusi nyingi hufungwa kuanzia mwisho wa Oktoba, Jumanne na Alhamisi, ubatizo huwa umetangulia majuma machache tu. Akija kugundua miaka mitatu baadaye kwamba hakuwa na nia, anayeondoka sasa ni baba mwenye nadhiri mbili, na mke akibaki, nyumba moja ina meza mbili. Wahudumu wanaijua hatari hii, ndiyo maana huhoji sana wenye haraka.

Pwani Yetu

Naomba niwapinge kidogo, maana mnaieleza kama mikataba ya hiari.

Zaidi ya asilimia 85 ya vijana wanabaki, na kwa familia zenye watoto sita au saba ndiyo maana idadi yao inakaribia kuongezeka maradufu kila miaka 20. Watetezi wanasema: unaona, wameonja dunia na bado wamechagua. Lakini amechagua kwa kulinganisha na nini? Shule imeishia darasa la nane, katika chumba kimoja, na mwalimu aliyeishia darasa la nane vilevile. Lugha ya nyumbani ni Kijerumani cha Pennsylvania. Kila mtu anayeweza kumkopesha, kumwajiri au kumjengea ghala likiungua yuko ndani.

Mahakama uliyoiuliza ni Mahakama Kuu ya Marekani, kesi ya Wisconsin dhidi ya Yoder, hukumu ya tarehe 15 Mei 1972. Akina baba watatu wa Green County walipigwa faini ya dola 5 kila mmoja kwa kutowapeleka watoto wa miaka 14 na 15 sekondari, wakati sheria ya jimbo ilitaka mpaka 16. Wakashinda. Jaji Mkuu Burger aliandika kwamba miaka miwili ya ziada ingeuhatarisha utaratibu mzima wa maisha yao, na faida yake kwa jimbo haikuonekana. Kwa mjadala wako, Mdadisi, msomee kila mwanafunzi maoni ya Jaji Douglas aliyepinga kwa sehemu: kati ya watoto wa kesi ile, mmoja tu alitoa ushahidi wa anachotaka mwenyewe. Wengine wamesemewa na baba zao. Hoja yako yote ya haki za mtoto iko hapo.

Na Njiwa, hiyo ya makundi ya kusimamiwa usiikubali moja kwa moja. Kule Holmes, Waamish wa kikundi cha New Order ndio wanaosimamia vijana kwa karibu kuliko wengi, wanakataza tumbaku na wanasisitiza wokovu wa mtu binafsi, na ndio wanaopoteza vijana wengi. Wa kikundi cha Andy Weaver, walio wakali kwa vifaa na kutenga, hupoteza wachache sana.

Njiwa Manga

Hilo ni kweli na nilipaswa kuligusa. Sababu yake nadhani iko wazi: wa New Order akitoka, hatua ni fupi. Ameshazoea mafunzo ya Biblia na lugha ya kuokoka, na kanisa la kiinjili lenye magari liko barabara ya pili. Wa Andy Weaver hana daraja la aina hiyo. Kwa hiyo usimamizi unapunguza bia, si lazima upunguze kuondoka. Ni mambo mawili tofauti.

Pia wengi wanaoondoka hawaendi kuishi bila dini. Wanaangukia Wamennonite, makanisa ya kiinjili, au Beachy, waliojitenga kule Somerset County, Pennsylvania, mwaka 1927 na wanaotumia magari na umeme.

Mdadisi wa Kigoma

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichotarajia. Swali la vyeti bado. Na jingine dogo: hawa wana uhusiano na Wamennonite wetu wa Mara?

Karani wa Zamani

Nikujibu la vyeti, maana hapo ndipo mipango ya wengi hukwama wiki ya kwanza.

Kwanza umri. Katika majimbo kama Ohio na Indiana mtu ni mtu mzima kwa 18. Aliye chini ya hapo akitoroka, wazazi wana haki ya kumtaka, polisi wanaweza kumrudisha, na aliyemhifadhi anaweza kuingia matatani. Wanaosaidia vijana hawa kwa busara huwaambia wasubiri siku ya kuzaliwa.

Pili, cheti cha kuzaliwa. Hiki ndicho mama wa vyeti vyote. Wengi huzaliwa nyumbani kwa mkunga, na kwa vikundi vingi uzazi huandikishwa kama kawaida. Anachohitaji kijana ni kuomba nakala ofisi ya kumbukumbu za vizazi ya jimbo alikozaliwa, si anakoishi. Mahali ambapo haukuandikishwa, na hutokea zaidi kwa Swartzentruber, inabidi auandikishe kwa kuchelewa: kumbukumbu za mkunga, ukurasa wa vizazi katika Biblia ya familia, daftari la shule, na viapo vya watu wanaojua alizaliwa lini. Kosa la kawaida ni kuondoka usiku bila kuchukua hata kimoja kati ya hivyo, kisha kumwomba baba aliyekasirika aandike kiapo.

Tatu, namba ya hifadhi ya jamii, ambayo bila hiyo mwajiri wa kawaida hawezi kukuweka kwenye mishahara. Hapa kuna historia. Tangu 1965 Waamish waliojiajiri wanaweza kuomba msamaha wa kodi ya hifadhi ya jamii kwa fomu 4029, kwa kuwa wanatunzana wenyewe na wanakataa mafao yake. Mwaka 1988 msamaha ukapanuliwa kwa mfanyakazi Mwamish aliyeajiriwa na Mwamish mwenzake. Haumhusu anayefanya kazi kwa mtu wa nje. Matokeo yake ni kwamba kijana wa Elkhart anayefanya kazi kiwandani kuunda magari yenye vyumba vya kulala tayari ana namba, anakatwa kodi, ana hati za malipo; akiondoka jambo hili limeshaisha. Wa Swartzentruber aliyefanya kazi shambani kwa baba hana kitu.

Asiye nayo hujaza fomu SS-5, ambayo ni bure. Kwa sababu amepita miaka 12, lazima aende mwenyewe na ahojiwe, na atatakiwa kuthibitisha kwamba hajawahi kupewa namba. Afisa anayemwona Mmarekani wa miaka 19 asiye na namba hushangaa, kwa hiyo aende na barua au rekodi inayoonyesha malezi yake. Nyaraka ziwe halisi, kivuli hakikubaliwi hata kikiwa na muhuri wa wakili. Zinatakiwa zisizopungua mbili. Hapo ndipo mduara unapoanza: kitambulisho kinataka namba, namba inataka kitambulisho, na yeye hajawahi kupigwa picha. Rekodi ya hospitali au kliniki yenye jina na tarehe ya kuzaliwa mara nyingi ndiyo inayokata mduara huo, hivyo aiombe mapema.

Aliyekwisha kupata msamaha wa fomu 4029 asisahau kwamba unakoma anapoacha kuwa mshirika. Akiendelea kujiajiri bila kulipa, deni la kodi linamfuata.

Nne, shule. Cheti kinacholingana na cha sekondari, GED, kina mitihani 4: hesabu, lugha, sayansi, na maarifa ya jamii. Kufaulu ni alama 145 kwa kila mmoja. Kwa wengi wao lugha si tatizo kubwa, Kiingereza wamekisoma shuleni. Wanaanguka kwenye aljebra na sayansi, kwa kuwa hesabu zao ziliishia sehemu, asilimia na vipimo vya seremala. Aanze na hesabu, hiyo mingine aipange nyuma yake.

Mwisho, matibabu. Ndani ya jumuiya bili ya hospitali inabebwa na michango ya kanisa. Siku anayotoka hana bima yoyote. Wengi hutafuta chumba na gari kwanza na bima mwisho, nami ningeigeuza orodha hiyo, hasa kwa mvulana anayekwenda kufanya kazi ya paa.

Shemasi Mstaafu

La Mara: ni binamu wa mbali. Wote ni Waanabaptisti, lakini Waamish walijitenga mwaka 1693 wakimfuata Jakob Ammann, na moja ya sababu ilikuwa hiyo hiyo ya kumtenga aliyekosa, ifike mezani au iishie kwenye meza ya Bwana tu. Waliofika Shirati mwaka 1934 walikuwa Wamennonite wa Lancaster, majirani wa Waamish, na kazi yao ndiyo mwanzo wa Kanisa la Mennonite Tanzania. Waamish wa vigari vya farasi kwa kawaida hawapeleki wamishenari. Kama mwanafunzi wako ni Mmennonite wa Musoma, usimpe swali la rumspringa alijibu kwa niaba ya ukoo wake. Mpe lile la Ammann: je, ndugu aliyetengwa na kanisa, unakula naye?